Taa tatu juu ya Loleza: wachunguzi wa jeshi wangeandika "puto", "Zuhura" au "haijulikani"?

#1 Mwana_Loleza

Wakuu, salaam.

Kuna video ya dakika 2 na sekunde 14 inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mbeya. Imepigwa Uyole mwezi wa sita, saa mbili kasoro dakika kumi usiku, simu imeelekezwa mlima Loleza. Taa ni tatu. Ya kwanza nyeupe, kubwa, iko juu ya mgongo wa mlima kwa kimo cha ngumi moja ukinyoosha mkono. Waliokuwepo wanasema ilikaa pale kama dakika 40, kisha ikazama nyuma ya mlima. Ya pili ndogo, ilitembea, ikazima ghafla. Ya tatu nyekundu, iko chini kabisa, inasogea kwa kukatakata.

Sasa hoja yangu. Jeshi la Anga la Marekani, kupitia mradi wake wa uchunguzi, Project Blue Book, na miradi iliyoutangulia, lilikusanya taarifa 12,618 za UFO (vitu visivyotambulika angani) kati ya 1947 na 1969. Zilizobaki bila jibu ni 701. Ukipitia majalada yale utakuta majibu ni yaleyale: puto, Zuhura, hewa ya joto. Mimi nadai yalikuwa majibu ya mazoea, yanabandikwa ili jalada lifungwe. Anayebisha aichambue video hii kwa njia yao, tuone atafika wapi.

#2 Fundi Rada

Kwa njia yao hatuanzi na jibu, tunaanza na dodoso. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State ndio walisaidia kulitengeneza. Shahidi aliulizwa: kitu kilikuwa na ukubwa gani ukilinganisha na kitu cha mkononi ulichokinyooshea mkono, kichwa cha pini, punje ya njegere, sarafu, au mpira? Hawakumuuliza "kilikuwa na mita ngapi", kwa sababu hakuna jicho linaloweza kujua mita bila kujua umbali.

Kwa hiyo mkuu tuletee haya:

- Tarehe kamili. Mwezi wa sita peke yake hautoshi.
- Saa ya kuanza na saa ya kumaliza.
- Uelekeo kwa nyuzi, na umepimwaje.
- Kimo kwa ngumi na vidole. Ngumi ni nyuzi 10, vidole vitatu vya katikati ni nyuzi 5, kidole kidogo ni nyuzi 1. Mwezi mpevu ni nusu ya nyuzi, yaani nusu ya kidole kidogo, na watu wengi hudhani ni mkubwa zaidi.
- Kila taa ilipoteaje: ilififia, ilikatika, au ilizama nyuma ya kitu?
- Faili halisi la simu. WhatsApp hubana video na kufuta taarifa za saa na mahali. Mpigaji alitume kama waraka, siyo kama video.

Bila hayo, Blue Book walikuwa na boksi lake kabisa: "taarifa hazitoshi". Hilo ni tofauti na "haijulikani", na watu wengi wanayachanganya.

#3 Msafwa Asilia

Kabla hamjafika Ohio, mkumbuke kwamba taa inayotembea usiku juu ya mlima ina jina lake huku tangu enzi za mababu. Ni ungo. Wazee hawakuhitaji dodoso.

#4 Binti Kitulo

Mzee Msafwa, shikamoo. Ungo tutaurudia, ila tuanze na taa ya kwanza maana ndiyo iliyoacha vipimo.

Kutoka Uyole hadi Loleza ni kama kilomita 10 hewani, na kilele kinapanda karibu mita 900 juu ya mtazamaji. Hiyo ni nyuzi 5. Ongeza ngumi moja juu ya mgongo, taa iko nyuzi 15. Nyota na sayari husogea nyuzi 15 kwa saa. Mbeya tuko nyuzi 9 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo vitu vya magharibi vinashuka karibu wima, havitelezi pembeni kama Ulaya. Nyuzi 10 za kushuka hadi kwenye mgongo ni dakika 40.

Dakika 40! Nyeupe, kubwa, magharibi, mapema usiku. Zuhura haiachani na jua kwa zaidi ya nyuzi 47, kwa hiyo ama inaonekana jioni upande wa magharibi ama alfajiri upande wa mashariki. Usiku wa manane haionekani kamwe.

#5 Mwana_Loleza

Ndivyo nilivyosema, Zuhura haikukosa! Lakini mashahidi wanasema ilikuwa ikicheza kushoto na kulia, na ikabadilika rangi: nyeupe, kijani, nyekundu. Zuhura inacheza?

#6 Binti Kitulo

Jicho ndilo linalocheza. Taa moja kwenye giza tupu, bila kitu cha kuilinganisha, itaonekana kutangatanga baada ya sekunde chache za kuikodolea. Marubani wa usiku hufundishwa jambo hili kwa sababu limewahi kuwafanya wafuate nyota wakidhani ni ndege ya mwenzao. Dawa yake ni rahisi: simama uiweke taa kwenye ncha ya nguzo ya umeme au ukingo wa paa, kisha usitikise kichwa. Ikibaki palepale dakika mbili, haichezi.

Rangi inatokana na hewa. Nyuzi chache juu ya mlima mwanga unapita kwenye hewa nzito mara kadhaa zaidi ya ule unaotoka utosini, na hewa ya vipande vya joto na baridi inaupinda kila rangi kivyake. Mwezi wa sita, bonde likianza kupoa jioni, ndiyo hali yenyewe.

#7 Mteremko wa Kitonga

Kamwene wote. Dada Kitulo hesabu imekaa vizuri, ila Zuhura tuishike kwa uangalifu, imeshawahi kuwaumbua.

7 Januari 1948, Kapteni Thomas Mantell alikuwa anaongoza ndege za kivita za Mustang F-51 karibu na kambi ya Godman, Kentucky. Akaambiwa akafuate kitu cheupe cha duara kilichoonekana mchana kweupe. Akapanda zaidi ya futi 20,000 bila oksijeni, akapoteza fahamu, ndege ikaanguka, akafa. Jibu la kwanza la wachunguzi: Zuhura. Ilikuwa kweli upande huo wa anga, lakini mchana Zuhura ni nukta hafifu ambayo hata ukijua ilipo unaitafuta. Haiwezi kuonekana kama kitu kikubwa cha kung'aa.

Jibu lililokuja kukubalika baadaye ni puto la Skyhook la Jeshi la Wanamaji. Plastiki nyembamba, upana hadi mita 30, linapanda kilomita 30. Mantell na waliomtuma hawakulijua kwa sababu lilikuwa siri.

Kwa hiyo Mwana_Loleza ana haki ya kiasi. Jibu la kawaida linaweza kuwa la kawaida na bado likawa siyo.

#8 Fundi Rada

Naongeza hapo hapo. Mara nyingi fumbo lilikuwa ni tawi moja la serikali kutojua tawi lingine linarusha nini.

Roswell, New Mexico, 1947, yalipookotwa mabaki yaliyodaiwa kuwa ya sahani ya angani: ripoti ya Jeshi la Anga ya 1994 iliyahusisha mabaki yale na Project Mogul, mnyororo wa maputo yenye vinasa sauti vya kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Wasovieti kutoka juu angani.

U-2, ndege ya siri ya kijasusi: ilianza kuruka 1955, juu ya futi 60,000, wakati ndege za abiria zilikuwa kati ya futi 10,000 na 20,000. Rubani wa abiria yuko tayari gizani, jua limeshazama kwake, halafu anaona kitu juu kinawaka kama moto. Ni bawa la fedha la U-2 ambalo huko juu bado linapigwa na jua. Wachunguzi wa Blue Book waliuliza CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kimyakimya, wakajua, lakini hawakuruhusiwa kumwambia shahidi. Mwanahistoria wa CIA aliandika mwaka 1997 kwamba zaidi ya nusu ya taarifa za mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960 zilitokana na ndege za kijasusi za aina hiyo. Wapo wanaopinga kwamba ni nusu, maana ndege zile zilikuwa chache.

#9 Mwana_Loleza

Asante Fundi, umenisaidia kuliko nilivyotegemea. Yaani walimjua mhusika, wakamwandikia shahidi jibu la uongo. Na ongezeni hili: Januari 1953 jopo la Robertson, lililoitishwa na CIA, lilishauri umma uelimishwe ili mambo haya yakose mvuto. Agosti mwaka huohuo ikatoka kanuni ya AFR 200-2: ofisa anaruhusiwa kuzungumza na waandishi kuhusu tukio lililopata jibu tu. Yasiyopata jibu yanabaki kabatini.

Sasa mtu wa kawaida akisikia kila siku yaliyojibiwa tu, ataamini yote yamejibiwa.

#10 Makambako Junction

Tusome takwimu vizuri. Kuna kazi ya taasisi ya Battelle, Ripoti Maalumu namba 14 ya 1955, ilichambua matukio 3,201. Yasiyojulikana yalikuwa kama asilimia 22, siyo hii 5.6 ya mwisho (701 kati ya 12,618). Na wakayapanga kwa ubora wa taarifa: kwenye taarifa bora kabisa asilimia 35 hazikujulikana, kwenye dhaifu kabisa ni 18. Kama UFO ni makosa ya macho tu, kadiri taarifa inavyokuwa nzuri ndivyo majibu yangeongezeka. Imekuwa kinyume.

#11 Binti Kitulo

Hoja nzito hiyo, na naona ina majibu mawili yanayogongana.

La kwanza ni lako: kuna kitu halisi ndani.

La pili: ubora walioupima ulikuwa pamoja na hadhi ya shahidi, rubani au mwanajeshi. Mwanajeshi yuko karibu na maeneo ya majaribio, ndipo Skyhook na ndege za siri zilipo. Anaripoti vizuri kitu ambacho mchunguzi hana ruhusa ya kukijua. Taarifa bora pia inabana: dhaifu unaweza kuibandika "pengine puto", nzuri inakataa jibu rahisi.

Na hapo namuunga mkono Mwana_Loleza kwa jambo moja. J. Allen Hynek, mwanafalaki (mtaalamu wa nyota) aliyewashauri tangu mwanzo hadi mwisho, alilalamika waziwazi kwamba "pengine puto" la leo likifika kwenye takwimu za mwaka linakuwa "puto". Neno "pengine" linadondoka njiani. Yeye mwenyewe Machi 1966 alitaja gesi ya kinamasi kwa baadhi ya taa za Michigan, magazeti yakaifanya jibu la matukio yote, watu wakakasirika, Gerald Ford, wakati huo mbunge wa Michigan, akadai Bunge lisikilize. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Colorado kikapewa kazi chini ya Edward Condon, na ripoti yake ndiyo iliyofunga Blue Book Desemba 1969.

#12 Nyasa Upepo

Ndaga fijo kwa darasa. Mimi naleta rada na wadudu.

Anayekaa Matema au Kyela anajua ile nguzo ya moshi inayosimama juu ya Ziwa Nyasa bila moto. Ni vijidudu vinavyotoka majini kwa mabilioni, nguzo inapanda mamia ya mita, inapinda na upepo. Kwelea kwelea wa mashamba ya mpunga ya Usangu wanafanya vilevile, kundi linageuka kwa pamoja kama kitu kimoja. Rada inaviona vyote, na maopereta wa zamani waliviita malaika kabla ya kujua ni ndege na wadudu.

#13 Fundi Rada

Sahihi. Na hapa ndipo penye tukio maarufu kuliko yote, Washington, wikiendi mbili za Julai 1952. Rada za uwanja wa ndege zikaona vitu vinaingia anga ya Ikulu, ndege za F-94 zikarushwa, zikifika vinapotea, zikiondoka vinarudi. Tarehe 29 Julai Jenerali Samford akasema: joto la hewa.

Inafanyaje kazi? Kwa kawaida hewa hupoa unapopanda. Usiku tulivu ardhi ikipoa haraka, hewa baridi inalala chini na ya joto inakaa juu yake kama kifuniko. Wimbi la rada likigonga kifuniko kwa pembe ndogo linapinda kushuka chini, linagonga ardhi, gari, paa la bati, na kurudi. Mashine inahesabu kana kwamba wimbi limekwenda moja kwa moja, inaweka alama angani mahali ambapo hapana kitu. Kifuniko kikisukumwa na upepo, alama inatembea. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipima hili mwaka 1953 na kukuta alama zinakwenda karibu mara mbili ya kasi ya upepo, sawa na kioo kinachosogea: taswira inasogea maradufu.

Udhaifu wa jibu: wapinzani walionyesha kwamba kifuniko cha usiku ule kilikuwa chepesi, na marubani kadhaa waliona taa kwa macho. Hewa ya joto inaeleza rada vizuri, macho inayaeleza kwa shida.

Kuhusu Mbeya: bonde letu mwezi wa sita na wa saba linatengeneza kifuniko karibu kila asubuhi, ndio ule moshi wa jikoni unaolala tambarare juu ya Mwanjelwa. Lakini sisi hatuna rada kwenye video hii. Tusilitumie jibu hilo.

#14 Njia ya Chunya

Wakuu mnazunguka dunia nzima, taa ya tatu iko barabarani. Barabara ya Mbeya–Lwanjilo–Chunya inapanda safu hiyohiyo. Gari linalopanda linaonyesha bonde taa nyekundu za nyuma. Linaloshuka linaonyesha nyeupe. Lori lenye mzigo linakwenda mwendo wa kinyonga, na miti ya msitu wa Kawetere inalikata: linaonekana, linapotea, linaonekana mbele kidogo. Huo ndio "kukatakata" wa post #1. Mlima wenyewe hauonekani gizani, kwa hiyo jicho linaiweka taa angani. Kitonga nayo ni hivyohivyo ukiitazama kutoka Ruaha Mbuyuni.

#15 Msafwa Asilia

Au moto wa nyika. Watu wanachoma mabonde kuanzia wakati huo. Moto ukiwa mbali ni nukta nyekundu, ukipanda mteremko unaruka kutoka kwenye nyasi kavu hadi nyasi kavu.

#16 Njia ya Chunya

Moto hubaki na nyuma yake, mzee. Ungeona mstari, siyo nukta moja.

#17 Makambako Junction

Na mnara wa simu? Taa nyekundu za tahadhari za minara, zile za kumulika, hupiga kati ya mara 20 na 60 kwa dakika. Mkono ukitikisika, kila mwako unaangukia sehemu tofauti ya picha, unapata taa "inayosogea kwa kukatakata". Hesabuni mapigo kwenye video. Yakiwa sawasawa kama saa, ni mashine. Ndivyo wachunguzi wa tukio la msitu wa Rendlesham walivyofanya: Desemba 1980, wanajeshi wa Marekani kambini Woodbridge, Uingereza, waliona taa msituni. Naibu kamanda Charles Halt alirekodi sauti, na kwenye kanda mwako unarudi kila sekunde 5. Mnara wa taa za meli wa Orfordness ulikuwa unapiga kila sekunde 5, upande uleule. Halt mwenyewe hakukubali jibu hilo.

#18 Mteremko wa Kitonga

Nimehesabu mara tatu. Nyekundu ina vipindi vya sekunde 3, 7, 4, 11. Siyo mnara.

#19 Anga_Mafinga

Taa ya pili ni Starlink, zile setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX, mmeisahau. SpaceX walianza Mei 2019 kwa kurusha 60 kwa mkupuo, ziko kilomita 550 hivi, zinaonekana baada ya machweo na zinazima ghafla zikiingia kivuli cha dunia. Ofisi ya Pentagon (Wizara ya Ulinzi ya Marekani) inayoshughulika na mambo haya sasa, AARO, iliyoundwa 2022, nayo imeziweka kati ya majibu ya taarifa zake.

#20 Binti Kitulo

Mkuu Anga_Mafinga, kivuli hakiruhusu. Mwezi wa sita jua linazama Mbeya saa kumi na mbili na dakika 36 hivi. Saa mbili kasoro kumi liko karibu nyuzi 18 chini ya upeo. Wakati huo kivuli cha dunia kiko kama kilomita 300 juu ya utosi wetu, na kinainuka kadiri unavyoelekea mashariki. Setilaiti ya kilomita 550 itazima ikiwa imevuka utosi kwenda mashariki. Upande wa kaskazini-magharibi bado iko juani. Kuzima ghafla upande wa Loleza saa ile siyo kivuli.

Hesabu hiyohiyo inaondoa puto kwenye taa zote tatu. Puto la hali ya hewa hurushwa duniani kote kuelekea saa tisa alasiri na saa tisa usiku kwa saa zetu, linapanda kama saa mbili, linapasuka karibu kilomita 30. Lile la alasiri limeshaanguka. Na hata lingekuwepo, kwa kimo hicho jua linaliacha dakika 20 na kitu baada ya kutuacha sisi.

#21 Anga_Mafinga

Nimekubali la kivuli. Basi setilaiti iliyomulika mara moja kwa paneli ikageuka? Au ndege iliyozima taa za kutulia?

#22 Fundi Rada

Ndege inawezekana. Ikikujia uso kwa uso ikiwa na taa za kutulia inaonekana imesimama dakika kadhaa. Ikipinda kona, taa inakatika mara moja, zinabaki ndogo nyekundu na kijani ambazo simu haizioni. Uwanja wa Songwe uko magharibi ya jiji. Programu za kufuatilia ndege msizitegemee peke yake, zinahitaji mpokeaji wa redio karibu, na ndege za jeshi siyo lazima zijitangaze.

Umbali ndio unaodanganya. Chile, Novemba 2014: helikopta ya wanamaji ilirekodi kwa kamera ya joto kitu chenye mkia. Kamati ya serikali ikakaa nacho miaka miwili, ikatangaza hakijulikani. Kilipowekwa hadharani Januari 2017, wachunguzi wa mtandaoni walikitambua kwa siku chache: ndege ya abiria iliyopaa kutoka Santiago, mbali zaidi kuliko helikopta ilivyokadiria. Rada haikuwa na kosa, wao ndio waliitafuta ndege hiyo mahali pasipo.

Na ile video ya "Go Fast" ya marubani wa wanamaji wa Marekani ya 2015, yenye kitu kinachoonekana kupaa kasi juu ya bahari: ukifuata namba zilizo kwenye skrini ya ndege, kitu kiko kama futi 13,000, na jopo la NASA la 2023 lilikadiria maili 40 kwa saa, kasi ya upepo. Kinachokwenda kasi ni ndege yenye kamera.

#23 Mwana_Loleza

Na umbo? Video ikivutwa karibu taa ya kwanza inakuwa sahani kamili, ina ukingo mweusi, kama inazunguka.

#24 Makambako Junction

Ukivuta simu gizani lenzi inatafuta pa kushika, ikikosa inaacha nukta ivimbe. Uvimbe huo unachukua umbo la tundu la lenzi: simu ina tundu la duara, unapata sahani. Pembetatu za kijani za wanamaji wa Marekani, 2019, zilielezwa kwenye Bunge la Marekani Mei 2022 kuwa droni zilizopigwa picha kupitia darubini ya usiku. Tazama video ya Uyole sekunde ya 48: taa ya mtaani kushoto nayo imekuwa sahani ya ukubwa uleule.

#25 Mwana_Loleza

Nimeiona hiyo taa ya mtaani. Hilo nimelipokea.

Nimepata majibu ya mpigaji. Faili halisi lipo, atalituma. Na uelekeo wa taa ya kwanza aliupima palepale kwa dira ya simu: nyuzi 311.

#26 Binti Kitulo

311? Basi jibu langu la #4 liko mashakani. Kutoka Mbeya, Zuhura ikiwa kwenye kimo cha nyuzi 15 magharibi haivuki 302 hivi, mwaka wowote ule, kwa sababu haitoki mbali na njia ya jua. Kama ni 311 kweli, siyo Zuhura.

#27 Fundi Rada

Dira ya simu! Alisimama wapi?

#28 Mwana_Loleza

Kwenye geti la chuma la nyumba, amekaribia kulishika.

#29 Fundi Rada

Geti la chuma linaweza kuivuta hata nyuzi 10 au 20. Hiyo 311 inaweza kuwa 298 au 325.

#30 Nyasa Upepo

Tafuteni mtu aliyeiona kutoka Mbalizi. Uyole hadi Mbalizi ni kilomita 20, mkipima pande mbili umbali unajitokeza.

#31 Binti Kitulo

Wazo zuri, mstari mbaya. Mbalizi iko upande uleule wa taa, kwa hiyo zinazofanya kazi ni sehemu tu ya kilomita 20 zako. Shahidi wa pili anatakiwa awe pembeni, upande wa kusini wa Uyole.

Na dira tuiache. Mwana_Loleza, mpigaji asimame palepale, simu ileile, bila kuvuta, mchana, apige picha Loleza na nguzo ya ile taa ya mtaani ya sekunde ya 48 vikiwa pamoja. Kilele kwenye ramani kina uelekeo usiobadilika. Tukijua picha nzima inabeba nyuzi ngapi, tunahesabu kutoka kileleni hadi mahali taa ilipokuwa, kosa halizidi nyuzi 1. Ikiangukia chini ya 302 tunafungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, kwa tarehe ya faili. Ikiangukia juu yake, Zuhura inatoka na tunaanza upya.

#32 Njia ya Chunya

Kwenye picha hiyo ya mchana barabara nayo itaonekana. Taa ya tatu ikiwa nje ya mstari wa barabara, nitakuwa nimekosea.

#33 Msafwa Asilia

Na ikiwa nje ya barabara, nje ya 302, hakuna ndege na hakuna moto?

#34 Makambako Junction

Basi tutaiandika "haijulikani", mzee, pamoja na vipimo vyake vyote, ili atakayekuja na jibu awe na cha kupimia.

#35 Mwana_Loleza

Faili limefika. Tarehe ipo, saa ipo, mahali papo. Picha ya mchana kesho saa nne, ukungu ukishainuka Loleza. Nitaziweka hapa zote mbili.